Soma uso kwanza: vitabu vya picha kwa watoto wa awali

Nafundisha darasa la awali Muheza, mkoani Tanga, na wazazi huniuliza sana: nimsomee mwanangu kitabu gani ili awe na huruma? Mimi naona kazi kubwa iko kwenye usomaji. Tunasoma mbiombio, tukifika mwisho tunahutubia: "Mmeona? Msiwe wachoyo." Mtoto wa miaka minne anaitikia "ndiyooo", kisha anakwenda kumnyang'anya mwenzake chaki.

Kuchagua kitabu si kugumu. Fungua katikati utazame nyuso. Je, inaonekana wazi nani kafurahi, nani kanuna, nani anaogopa? Kama wote wanatabasamu toka jalada hadi jalada, kirudishe. Maneno yawe machache, sentensi moja au mbili kwa ukurasa. Wanyama wanafaa, maana mtoto aliyempiga mwenzake asubuhi atamsema fisi bila woga, ila mwenyewe hatajisema. Kuhusu Sungura, nampenda sana, lakini ushindi wake mwingi ni wa kudanganya. Namwekea siku yake ya kucheka.

Huna kitabu? Tovuti ya African Storybook, iliyoanza Afrika Kusini mwaka 2014, ina hadithi za picha za Kiswahili, bure, na kuzichapa ni ruksa. Wakutolee steshenari kwa nyeusi na nyeupe, ubane kwa stepla, rangi watapaka watoto wenyewe.

Keti nao kwenye mkeka. Kitabu kishike kando ya shavu lako, waone picha na mdomo wako kwa pamoja. Sema "Paukwa!", wakujibu "Pakawa!", uanze. Siku ya kwanza tazameni picha tu. Siku inayofuata soma, kisha urudie kitabu hichohicho wiki nzima. Watoto hawachoki, utachoka wewe.

Sasa, pale mhusika anapoumizwa, simama. Weka kidole kwenye uso wake uulize: "Ana nini huyu?" Wakishajibu, uliza: "Umejuaje?" Swali hili la pili usilikose kamwe, kwa sababu ndilo linalowafanya watazame: macho yameinama, mdomo umeshuka, kajikunyata peke yake. Halafu kaa kimya, hata ukimya ukikuwasha. Tulikuwa na picha ya kobe aliyeachwa nje ya karamu, mtoto mmoja akasema, "Anamtaka mama yake." Kwenye hadithi mama hayumo. Sikumsahihisha. Nikauliza tu, "Tungekuwepo, tungemfanyia nini?" Mmoja akasema tumpe andazi, mwingine tumwite acheze. Basi wainuke waigize: mmoja kobe, mmoja mwenye andazi, kisha wabadilishane, na aliyezoea kunyang'anya naye aonje kuwa kobe.

Usiulize "Nani hapa ni mchoyo?" Watanyoosheana vidole, mmoja atalia, na kitabu hicho hatakitaka tena. Mtoto wako akikosea nyumbani, usimkumbushie kobe kwa ukali. Hadithi isigeuke fimbo.

Kurasa za furaha tunazipita haraka, kana kwamba furaha haihitaji kufundishwa. Zikawie pia. Mhusika akicheza mvuani, uliza kilichomfurahisha ni nini, kisha, "Wewe jana ulicheka kwa ajili ya nini?" Mwanzoni wataiga jibu la wa kwanza, kama kasema soda, darasa zima litasema soda. Vumilia. Baadaye zitakuja zao wenyewe: kapakiwa pikipiki na baba, mbuzi kazaa, dada kamsuka. Na siku nyingine msiulizane lolote, chekeni tu.

Ijumaa naazimisha vitabu, vimefungwa kwenye kipande cha kanga. Bibi asiyejua kusoma asiogope: afungue ukurasa, amwambie mjukuu, "Hebu nisimulie wewe, hapa kuna nini?" Maswali ni yaleyale mawili, na mjukuu atakuwa ameshayazoea.