Somo: Kumtambua pono wa mistari ya buluu

Wengi wakikutana na pono, samaki wa miambani, huanza na rangi, na hapo ndipo wanapopotezwa. Leo tumchukue mmoja tu, pono wa mistari ya buluu, kwa jina la kisayansi Scarus ghobban, anayepatikana tangu Bahari ya Shamu, pwani yetu yote, hadi ng'ambo ya Pasifiki.

Hatua ya 1: Mwendo. Pono huogelea kwa mapezi ya kifuani, akiyapiga kama ndege apigavyo mbawa. Mkia ameutuliza, atautumia akishtuka. Changu hafanyi hivyo.

Hatua ya 2: Mdomo. Meno yameshikana yakawa kipande kimoja kigumu juu na kingine chini.

Hatua ya 3: Ubavu. Hapa usiwe na haraka. Jike ni wa manjano yanayoelekea rangi ya chungwa, na ubavuni ana mistari mitano ya buluu iliyosimama, haikunyooka sana, wa mwisho ukiwa karibu na shina la mkia. Dume mkubwa hana mistari hiyo: mgongo ni kijani, kingo za magamba zina uwaridi, kichwani ana michirizi. Ukiwaweka pamoja utaapa ni samaki wawili tofauti, na wataalamu wa zamani waliingia mtego huo huo kwa pono wengi. Isitoshe, dume huyo huenda alianza maisha akiwa jike. Anaweza kufika sentimita 75, ingawa wengi utakaowaona ni wadogo zaidi.

Hatua ya 4: Sikiliza. Ukizamia na kutulia utasikia kwaru-kwaru. Anakwangua mwani na vijidudu juu ya mawe. Hana tumbo la kuhifadhi chakula. Meno ya kooni husaga kila kitu, na mawe hutoka nyuma yakiwa mchanga mweupe.

Maswali ya wanachama

Swali: Sokoni rangi zimeshafifia. Nifanyeje? Na wale wa madoadoa ya kahawia wanaoingia kwenye dema (mtego wa samaki) ndio majike yake?
Jibu: Angalia shavu. Huyu wetu ana safu tatu za magamba chini ya jicho. Wa madoadoa ana safu moja. Aghalabu ni Leptoscarus vaigiensis, pono wa kwenye majani ya bahari, na huyo habadili jinsia kabisa.

Swali: Ni kweli ana usingizi mzito kama watu wasemavyo?
Jibu: Wazee hawakukosea. Usiku hujilaza kwenye nyufa za mwamba, na baadhi ya aina za pono hujifunika ute mwili mzima, unaowazuia vimelea wanyonya damu.

Swali: Kwa kukwangua huko, haui matumbawe?
Jibu: Huyu hukwangua juu juu, zaidi kwenye mawe yaliyokwisha kufa. Mwani ukiondoka, matumbawe machanga hupata pa kushika. Wavuvi wakimaliza pono, mwani hutamalaki. Ukitaka kuwaona wakubwa, nenda kwenye maji yaliyohifadhiwa: Chumbe kule Zanzibar, au Watamu na Kisite huko Kenya.