Somo: kupima maji ya foraji na ya kijito karibu na kiwanda cha shaba

Swali ni lile lile kila wiki hapa Lubumbashi: tupimeje maji ili tujue kama kiwanda kinayachafua? Kwa hiyo naandika mara moja. Someni kabla ya kuuliza.

1. Chagua sehemu: foraji (kisima kirefu cha bomba) moja upande maji yanakotoka kabla ya kufika kiwandani, mbili au zaidi upande yanakoelekea. Kwenye kijito, juu na chini ya mfereji wa kiwanda. Udongo wa Katanga wenyewe una shaba na kobalti. Bila sampuli ya juu hutathibitisha kwamba uchafu ni wa kiwanda.

2. Pima kina cha maji kabla ya kuvuta.

3. Ondoa maji yaliyolala bombani. Bomba la milimita 50 hubeba karibu lita 2 kwa kila mita ya maji. Yakiwa mita 10, vuta lita 60, yaani mara tatu ya maji yaliyomo, mpaka pH (kipimo cha asidi ya maji) na joto vitulie.

4. Chuja KWANZA, asidi BAADAYE. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Chujio ni la mikromita 0.45, na kuchuja kunafanyika pale pale kisimani. Kisha tia asidi ya nitriki safi ya laboratwari mpaka pH ishuke chini ya 2, ili metali zisigande kwenye chupa. Ukianza na asidi, inayeyusha metali za matope, nawe utasoma uchafu ambao haumo ndani ya maji yenyewe. Asidi ya betri ya gari msiiguse kabisa: ina salfeti, na salfeti ni alama mojawapo ya uchafu wa kiwanda tunayoitafuta. Vaa glavu na miwani. Jaza pia chupa ya pili isiyochujwa, yenye asidi, kwa sababu watu hawachuji maji ndipo wanywe. Ya tatu, ya salfeti, haitiwi asidi.

5. Barafu, kisha laboratwari.

MASWALI

Wa Ruashi: Maji yangu ni meupe, hayana harufu. Si basi ni mazima?
— Hapana. Kadmiamu, metali yenye sumu, haionekani kwa macho.

Wa Ruashi: Na nikichemsha?
— Unaua vijidudu tu. Metali zinabaki, na maji yakipungua zinazidi kukolea.

Wa Kampemba: Umeficha kikomo cha kobalti. Kwa nini?
— Sijaficha. OMS (Shirika la Afya Duniani) haijaweka kikomo cha kobalti kwa maji ya kunywa. Shaba ni miligramu 2 kwa lita, risasi na aseniki 0.01, kadmiamu 0.003.

Wa Katuba: Yaya, kiwanda kikivuta maji machafu na kuyatia chokaa, vipimo vinakuwa vizuri. Wakizima pampu, uchafu unarudi. Unatoka wapi?
— Asante, mdogo wangu, hili ndilo la kuuliza. Pampu inatoa kinachotiririka. Metali nyingi zimeshikamana na udongo wa mfinyanzi na kutu ya chuma. Pampu ikisimama, zinaachia polepole. Kwa hiyo dai vipimo viendelee baada ya kuzima, masika na kiangazi. Wakati wa kiangazi kijito kinalishwa zaidi na maji ya chini, basi uvujaji unaonekana wazi. Mvua za kwanza nazo zinaosha chumvi zilizokauka ukingoni, usizikose. Na uliza kuhusu manganizi, metali nyingine: chokaa ikipandisha pH, shaba inaanguka chini mapema, lakini manganizi inataka pH ya juu zaidi.

Mama wa Kenya (mtaa wa hapa Lubumbashi): Na lengalenga (mchicha) ninazomwagilia kwa maji ya kijito?
— Mama, ziosheni vizuri, vumbi la majani linatoka. Kilichoingia kwa mizizi hakitoki. Kama kuna foraji ya upande wa juu iliyopimwa, mwagilieni kwa maji yake.

Wa Katuba: Wino wa lebo za chupa unafutika kwenye barafu.
— Andika kwa kalamu ya risasi juu ya karatasi, kisha funika kwa utepe wa plastiki.