Somo: Kufufua betri ya vepu ya kutupa kwa TP4056

Wakuu, vepu (sigara ya kielektroniki) ikikata moshi, mara nyingi kilichokwisha ni kimiminika. Betri ya lithiamu iliyomo, kwa kawaida yenye kipenyo cha milimita 13 na mAh 400 hadi 650, huwa bado nzima na inafaa kwa tochi au redio ndogo.

Mahitaji: mita ya kupimia volti, moduli ya TP4056 (kibao kidogo cha kuchaji betri ya lithiamu) yenye ulinzi (ile yenye B+ na B− za betri, OUT+ na OUT− za kifaa), rezista ya kilo-omu 4.7, tepu ya umeme na glavu. Glavu si mapambo, nikotini hupenya kwenye ngozi.

1. Ng'oa kofia ya chini, usukume vya ndani vitoke. Usivute wala kupuliza, kihisi cha hewa kitawasha koili. Kata waya mmoja mmoja na kila ncha uifunge tepu, maana mkasi ukipita kwenye waya zote mbili kwa pamoja umeshapiga shoti. Harufu ya matunda ni ya kimiminika. Ukisikia harufu kali kama ya kutolea rangi ya kucha, betri inavuja. Hiyo iache, pamoja na iliyovimba au kubonyea.

2. Pima. Volti 2.5 kwenda juu, hakuna shida. Kati ya 2.0 na 2.5, inafufuka. Chini ya 2.0 usihangaike nayo: shaba ya ndani huanza kuyeyuka, na ukichaji hujijenga upya mahali pabaya hadi ipige shoti humo humo.

3. Badilisha rezista. Hapa ndipo wengi wanaua betri. Moduli hutoka kiwandani na rezista iliyoandikwa 122, yaani kilo-omu 1.2, inayoruhusu mA 1000. Kwa betri ya mAh 550 huo ni mzigo wa punda kwa mbuzi. Gawanya 1200 kwa kilo-omu upate mA: kwa 4.7 ni kama 255. Tena betri ikiwa chini ya volti 2.9, chipu hushusha yenyewe hadi sehemu ya kumi, karibu mA 25. Ufufuaji wenyewe ndio huo.

4. Lehemu B+ na B− kwenye waya za asili za betri, kamwe si kwenye mwili wa betri. Chaji juu ya kigae, na usiondoke. Ikipata joto, chomoa. Saa nzima ikipita bila kufika volti 3.0, achana nayo. Taa ya kujaa huwaka karibu na 4.2.

5. Itenganishe na moduli, ilale wiki moja. Ikishuka chini ya 4.1, inajila yenyewe.

MASWALI

Mkuu, betri ina 3.1 lakini OUT inasoma sifuri?
— Ulinzi umefunga. Chomeka chaja sekunde chache, utafunguka.

Naweza kuunga mbili?
— Sambamba ndiyo, zikiwa hazipishani zaidi ya volti 0.05. Kwa mfululizo hapana, TP4056 ni ya seli moja.

Fundi wa mtaani kwetu huzishtua kwa adapta ya volti 12, mbona zinawaka?
— Zinawaka kwa sababu volti imepanda juu juu. Pale hakuna kinachozuia mkondo, wala hakuna aliyepima kama ilikuwa chini ya 2.0. Hata ikiwaka, ilaze ile wiki kisha uipime.