Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Theluji Kuporomoka Kutoka Paani

Katika jimbo la Maine, Marekani, ambako familia nyingi kutoka Kongo, Burundi na Rwanda zimehamia, hasa katika miji ya Portland na Lewiston, wageni huiogopa siku ya dhoruba yenyewe, ilhali hatari ya paa mara nyingi huja baadaye, jua linapowaka na joto kupanda juu ya nyuzi 0 za Selsiasi. Maji ya theluji iliyoyeyuka hupenya hadi kwenye bati na kulifanya liteleze, kisha tabaka zima hushuka kwa mkupuo. Upande wa paa wenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 5, ukifunikwa na theluji ya nusu mita yenye uzito wa kilo 200 kwa kila mita ya ujazo, umebeba tani 5.

Kwa hiyo, kabla ya majira ya baridi, izungukeni nyumba mkitazama kila kilicho chini ya upenu: mlango, njia ya miguu, maegesho ya gari, mahali wanapochezea watoto. Mita ya gesi hujengewa kinga imara. Bomba la kutolea moshi wa mtambo wa kupasha joto linastahili uangalifu wa pekee, kwani likizibwa na theluji, kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inaweza kujaa ndani na kuua waliolala. King'ora cha kuitambua kiwepo katika kila ghorofa, nacho kijaribiwe mapema.

Vizuizi vya theluji hufungwa paani kwa safu kadhaa, vikishikizwa barabara kwenye muundo wa paa, kwa sababu safu moja pembezoni inaweza kung'olewa na uzito wote. Kazi hii ni ya fundi anayeifahamu, na ni lazima apime kwanza kama kenchi zinaweza kuubeba mzigo ambao sasa hautashuka. Mpangaji na amwandikie mwenye nyumba mapema, akiambatanisha picha za sehemu zinazomtia wasiwasi.

Nunueni pia reki ya theluji yenye mpini mrefu, ili kazi ya kuivuta theluji kutoka paani ifanyike mkiwa mmesimama chini, pembeni mwa mahali theluji itakapoangukia na mbali na nyaya za umeme. Kupanda paani si jambo la kujaribu: nchini Japani, katika majira ya baridi ya mwaka 2005 hadi 2006, theluji ilisababisha vifo vya watu zaidi ya 150, wengi wao wazee waliokuwa wakiiondoa.

Mwishowe, wekeni uzio au kamba chini ya upenu hatari na muwafundishe watoto kutopita hapo. Wekeni koleo ndani, karibu na mlango, kwa kuwa theluji iliyoporomoka hugandamana upesi, na aliyefukiwa huhitaji kufukuliwa mara moja, huku mtu mwingine akipiga simu ya dharura, 911.