Jinsi ya Kujiandaa kwa Upasuaji wa Kuwekewa Bega Bandia la Vipande

Charles Neer wa Marekani alipoanza kutibu mivunjiko ya bega kwa kiungo cha chuma katika miaka ya 1950, shina lililoingia ndani ya mfupa na kichwa chake vilikuwa kitu kimoja. Siku hizi aghalabu huwa vipande viwili au zaidi: shina, mara nyingi la titaniamu, hukazwa ndani ya mfupa wa mkono wa juu, kisha kichwa cha ukubwa unaomfaa mgonjwa hupachikwa juu yake.

Kabla ya kukubali upasuaji, uliza kwanza kama unauhitaji. Mivunjiko mingi ya sehemu ya juu ya mkono, hasa ile ambayo vipande vya mfupa havijahama sana, hupona kwa kuning'iniza mkono shingoni kwa kitambaa na kufanya mazoezi. Ukiambiwa kiungo bandia ni lazima, uliza hali ya kano zinazozunguka bega, kwa sababu hizo ndizo zinazoamua aina ya kiungo. Ikiwa gegedu, yaani tabaka laini linalofunika ncha za mifupa kwenye kiungo, limelika kwa ugonjwa wa baridi yabisi lakini kano ni nzima, kiungo cha kawaida hufaa. Kano zikiwa zimechanika vibaya, au mfupa wa mzee umesagika, daktari huelekea kuchagua kiungo cha kinyume, ambacho Paul Grammont wa Ufaransa alikibuni katika miaka ya 1980: tufe huwekwa kwenye kombe la bega na kikombe juu ya shina, ili msuli mkubwa unaofunika bega uweze kuinua mkono bila kutegemea kano hizo.

Swali ambalo wagonjwa wachache hulikumbuka ni hili: je, shina hili linaweza kugeuzwa kuwa la kinyume baadaye bila kung'olewa? Kung'oa shina lililoshikana na mfupa kunaweza kuuvunja mfupa wenyewe, na kwa maoni yangu hapo ndipo faida kubwa ya vipande ilipo. Hata hivyo, faida hiyo hupatikana tu kama shina liliwekwa kwa kimo na pembe sahihi tangu mwanzo. Tena kila mahali vipande vinapoungana ni mahali panapoweza kulegea au kulika. Kwa waliovunjika, uliza pia vinundu vya mfupa vinavyoshika kano vitafungwaje kuzunguka shina, maana visipounga, mkono hushindwa kujizungusha kwenda nje hata kama picha ya eksirei inapendeza.

Mjulishe daktari kuhusu kisukari, dawa za kuzuia damu kuganda, jino bovu na kidonda chochote cha ngozi. Acha kuvuta sigara, na usijinyoe kwapa mwenyewe.

Baada ya upasuaji, mkono huning'inizwa kwa kawaida wiki 4 hadi 6, lakini vidole na kiwiko huanza kuchezeshwa mapema kwa maelekezo ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Vaa shati la vifungo vya mbele: anza na mkono uliopasuliwa unapovaa, umalizie nao unapovua. Ukitaka kuosha kwapa, inama mbele uuache mkono uning'inie, badala ya kuuinua. Usijisukume kwa mkono huo kutoka kitini wala kuupeleka nyuma ya mgongo, kwani mikao hiyo inaweza kutengua kiungo, hasa cha kinyume.

Omba maandishi yenye jina la mtengenezaji, aina na ukubwa wa kila kipande, uyahifadhi; daktari atakayebadilisha kichwa baada ya miaka mingi atahitaji kujua kinachoingiana na shina lako. Kidonda kikitoa majimaji au ukipata homa, rudi hospitali mara moja. Bakteria wa ngozi ya bega, Cutibacterium acnes, ni wajanja zaidi: wanaweza kuleta maumivu na ukakamavu tu, miezi mingi baadaye, bila homa yoyote, kwa hiyo bega lililokuwa likiendelea vizuri likianza kukaza lichunguzwe hata kama kovu limekauka.