Fuma blanketi la sufu kwa vipande, usianze na zima

Wenzangu wa Kasulu, Buhigwe mpaka Kibondo mnajua baridi ya huku juu mwezi wa sita na wa saba, wageni kutoka Kigoma mjini kule ziwani wakija wanalala na makoti. Blanketi la kufuma kwa mkono linasaidia sana, na sio kazi ngumu ukiigawa.

Kwanza uzi. Nasema sufu, ya kondoo, sio sufi ya kujazia mito. Nyuzi nyingi za sweta madukani ni akriliki, sio mbaya, ila manyoya ya kondoo yamejikunja yanashika hewa, ndo maana yanapasha hata yakipata unyevu. Kujua ni ipi choma kipande kidogo, sufu inanuka kama nywele zilizoungua na inabaki majivu ya kusagika, akriliki inayeyuka inaganda kigumu, usiiguse ikiwa ya moto.

Halafu nunua uzi wote siku moja na uangalie namba ya rangi na ya mkupuo wa kutiwa rangi (lot) kwenye lebo zifanane. Mimi uliniishia katikati, nikarudi baada ya wiki mbili nikapewa bluu "ileile", nyumbani nikaona kabisa mstari umejichora, iliniuma sana.

Sasa kufuma. Sindano namba 5, yaani unene wa milimita 5, uzi wa unene wa kati, anza na vitanzi 34. Fuma mshono uleule wa kawaida kila mstari, kwenda na kurudi, vitatokea vimatuta kama vya shamba la viazi, na kila tuta ni mistari miwili. Siri iko hapa: matuta yakifika 34 sawa na vitanzi vyako, kipande ni mraba, huhitaji hata rula. Kitatoka kama sentimita 20 hivi, mkono wako ukikaza sana chukua sindano nene zaidi. Vipande 48, yaani 6 kwa 8, vinakupa mita 1.2 kwa 1.6, kinatosha mtoto, mtu mzima fanya 80. Raha yake kipande unakibeba kwenye kikapu, unafuma huku maharage yanachemka, wakati blanketi zima linakulemea mapajani.

Unganisha kwa sindano butu yenye tundu kubwa na uzi uleule, usivute kwa nguvu litajikunja.

Kufua ni maji ya baridi, sabuni kidogo, usisugue wala usikamue kwa kuzungusha maana sufu itashikana na kusinyaa. Libonyeze ndani ya taulo, litandaze kwenye mkeka kivulini, usilitundike kwenye kamba likiwa limelowa, litavutika.