Kumkagua mgonjwa kinywa: jino linalouma liangalie mwisho

Haya nawaandikia matabibu na wauguzi wa zahanati za huku kwetu Arusha. Mgonjwa akikuonyesha jino linalomuuma, liache kwanza. Ukianza nalo, macho yako hayatabanduka hapo.

1. Maandalizi. Andaa tochi kali, kijiti cha kubonyezea ulimi, gozi (kitambaa chepesi cha vidonda) na glavu. Msalimie, muulize tatizo lilianza lini, na kama anatumia sigara, ugoro au pombe. Mwenye meno bandia mwombe ayatoe: "Shikamoo babu, naomba uyatoe kidogo." Fangasi hupenda kujificha chini yake.

2. Nje. Linganisha pande mbili za uso, kisha papasa tezi za chini ya taya na za shingo.

3. Midomo, fizi na mashavu. Geuza midomo, vuta shavu. Kinundu kidogo mkabala na gego la pili la juu ni tundu la mate, si uvimbe. Kwa mtoto mwenye homa na macho mekundu, tafuta hapo vidoa vyeupe kama chembe za chumvi: ni dalili ya surua, na hutangulia vipele.

4. Ulimi. Hapa usiharakishe. Saratani ya kinywa huanzia mara nyingi kwenye kingo za ulimi na chini yake, mahali ambapo mgonjwa mwenyewe haoni. Shika ncha kwa gozi, vuta taratibu upande mmoja, mulika ukingo mpaka nyuma kwenye magego. Rudia upande wa pili. Kisha ainue ulimi. Ingiza kidole chini yake, mkono mwingine uwe nje chini ya kidevu, utafute ugumu wowote.

Ukiona utando mweupe, ufute kwa gozi. Ukitoka, mara nyingi ni fangasi; mshauri kupima VVU na sukari. Usipotoka, mpe rufaa. Vivyo hivyo kidonda kilichozidi wiki 2 bila kupona, hata kama hakiumi. Kutouma kusikutulize.

5. Kaakaa na koo. Aseme "aaa". Kidakatonge kipande katikati, kisivutwe upande. Doa la zambarau kwenye kaakaa linaweza kuwa saratani ya Kaposi.

6. Meno. Mtu mzima ana 32, mtoto 20 ya utotoni. Mgonjwa aliyekulia Ngarenanyuki au Oldonyosambu akiwa na meno ya kahawia, tafadhali usimwambie hapigi mswaki. Ni floraidi, madini ya kwenye maji ya huko, iliyoingia jino likiwa bado linajengwa ndani ya taya. Wengi wao hucheka wamefunika mdomo kwa mkono, usiwaongezee aibu. Zungumza na mama mwenye mtoto mchanga kuhusu maji anayompa, na magadi anayotia kwenye maharage, maana nayo yana floraidi.

Sasa gonga taratibu lile jino linalouma.

7. Andika. "Kidonda mdomoni" haitoshi. Andika: "Ukingo wa ulimi kushoto, milimita 8, kigumu, wiki 4." Daktari atakayempokea hospitali ya rufaa ya KCMC atajua amwone leo au wiki ijayo.